Pombe Ni Moja, Madhara Si Mamoja

Liko neno moja lililotukaa moyoni tangu mavuno ya mtama ya mwaka juzi, nasi twataka kuliweka mbele yenu, maana tumelizungusha peke yetu siku nyingi bila kulimaliza.

Katika kijiji kimoja kisicho mbali na Ibadakuli yuko mama mmoja mjane. Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne, shamba la ekari mbili, na deni. Pamba aliyolima mwaka wa kwanza haikumpa kitu, maana mvua ilikatika mapema. Basi akafanya kama walivyofanya mama wengi wa Usukuma tangu zamani: alitwaa mtama wake, akauotesha, akauanika, akausaga, akapika pombe, akauza. Kwa fedha hiyo alinunua sare, madaftari na viatu, akatoa na mchango wa uji wa shule. Ada iliondolewa na serikali tangu mwaka 2016, walakini kila mzazi ajua ya kuwa kuondoa ada si kumvika mtoto. Watoto wa mama yule walikuja darasani safi, na mmoja wao alikuwa wa kwanza katika hesabu.

Wazee wa kanisa walipokaa barazani, jina lake lililetwa. Neno lenyewe lilikuwa wazi: apika pombe, auza pombe. Nasi tulikuwamo barazani, nasi tuliinua mkono pamoja na wenzetu. Akatengwa na Meza ya Bwana. Hakujitetea. Ila tulipotoka alikuwa amesimama chini ya mti, akatuita, akatuuliza kwa upole, bila hasira: “Mwalimu, ule mchango wa uji niliokuletea mwezi wa kwanza, uliupokea kwa mkono gani?” Hatukuwa na jibu. Tulimwambia, “Mama, tutazungumza,” tukaenda zetu.

Mwaka ule ule, kijana wa mzee mmoja aliyeinua mkono siku ile alikwenda machimboni upande wa Geita kutafuta dhahabu. Alikuwa kijana mtulivu. Nyumba ya mama yule ilikuwa karibu na kwao, hata harufu ya pombe ilimfikia akiwa kitandani, naye hakuwahi kuionja. Baada ya miezi kumi na minne alirudishwa nyumbani amelazwa ndani ya gari. Alikuwa ameshuka katika duara usiku akiwa amelewa gongo, akaanguka, akavunjika nyonga. Hata leo atembea na fimbo, naye hajafika miaka thelathini.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza. Madhara ya pombe yamo ndani ya chungu, au yamo ndani ya mtu, au yamo mahali akaapo mtu? Wengi hujibu upesi, “Yamo chunguni, vunja chungu.” Wengine hujibu, “Yamo moyoni mwa mlevi, na atubu.” Majibu haya mawili sisi waalimu tumeyafundisha sana, wala si uongo. Lakini kama madhara yangekuwa chunguni tu, yangekuwa sawasawa po pote penye chungu. Na kama yangekuwa moyoni mwa mtu tu, yangetawanyika sawasawa katika nchi zote, maana mioyo ya watu wa Moshi na mioyo ya watu wa Geita imeumbwa na Mungu mmoja. Wala hayako sawasawa hata kidogo.

Tazameni kwanza ulimwengu mzima. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2024, likahesabu kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa kwa ajili ya pombe. Katika Ulaya walikufa kama watu 52.9 katika kila watu 100,000. Katika Afrika 52.2. Vifo karibu vyalingana. Mtu atadhani basi ya kuwa twanywa sawa nao. La! Ulaya walikunywa lita 9.2 za kileo kitupu kwa kila mtu mzima kwa mwaka, na Afrika karibu nusu ya hizo tu. Sisi twanywa nusu ya kikombe chao na kuzika watu sawa nao.

Sababu si fumbo. Mzungu aliyelewa akianguka njiani, gari la wagonjwa laja kumchukua. Wetu huanguka kando ya barabara kuu, na lori la pamba halimwoni. Wao hula kwanza. Wetu wengi hunywa na tumbo tupu. Pombe hudhoofisha nguvu za mwili za kupigana na magonjwa, na kwetu kifua kikuu na UKIMWI vimekaa mlangoni vikingoja mwili ulio dhaifu. Tena mgonjwa anywaye husahau dawa yake. Sisi wa Ibadakuli twashukuru kwamba hospitali ya Kolandoto haiko mbali nasi, lakini wako watu wa wilaya nyingine ambao hospitali yao ni safari ya siku nzima. Basi kikombe kile kile humwacha mwenye mali na kichwa kinachouma, na humwacha maskini kaburini.

Sasa tutazame nchi zetu za Afrika Mashariki. Shirika lile lile lilihesabu kwamba mwaka 2016 Watanzania walikunywa lita 9.4 za kileo kitupu kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 15 na zaidi, Waganda 9.5, Wakenya 3.4 tu. Hakika hesabu hizi ni za kukisia kwa sehemu, kwa kuwa pombe iliyo nyingi kwetu hupikwa nyumbani wala haipiti katika daftari la serikali. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Je, Kenya imepona basi? Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyochanganywa na spiriti ya viwandani, na wengine walipofuka macho. Mwezi wa Mei 2014 sumu ile ile iliua makumi ya watu katika kaunti mbalimbali. Na mwezi wa Februari 2024, katika kaunti ya Kirinyaga, walikufa watu wasiopungua 17. Katika habari ile ya Kirinyaga serikali ilieleza kwamba pombe yenyewe ilikuwa imekwisha kukamatwa na kuwekwa kituoni mwa polisi iwe ushahidi, kisha ikatoka humo ikarudi kuuzwa. Tulisoma habari hiyo mara mbili. Mnywaji alikosa, ndiyo. Lakini je, yule aliyefungua mlango wa ghala alikosa kidogo kuliko yeye?

Tena katika Kenya yenyewe twaona jambo la kufundisha. Kwa miaka mingi kila mtu alipotaja ulevi alitaja sehemu za Kati, nchi ya Wakikuyu, hata mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe mbaya ziteketezwe huko. Lakini NACADA, mamlaka ya nchi ile ipiganayo na ulevi, ilipofanya uchunguzi mwaka 2022, wanywaji walionekana kuwa wengi zaidi upande wa Magharibi, 23.8 katika kila watu 100; Pwani 13.9; na Kati 12.8. Sifa mbaya ilikaa mahali pamoja, wanywaji wakakaa mahali pengine. Twasema haya kwa kuwa na sisi Watanzania twapenda kutajana. Tumezoea kuwacheka Wachaga kwa mbege yao. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2015 uliwalinganisha vijana wa Kilimanjaro na wa Mwanza, wanafunzi na vibarua, na kweli wa Kilimanjaro walionekana kunywa zaidi. Lakini msomaji wa Usukuma asishangilie upesi. Asubiri mpaka tufike Geita.

Na Unguja na Pemba? Huko walio wengi ni Waislamu, na dini yao yakataza kileo, na wanywaji ni wachache kuliko bara. Hili twalikiri kwa heshima. Walakini visiwa vile vimeteswa na unga wa heroini tangu miaka ya 1990, hata zimefunguliwa nyumba za kuwasaidia vijana kuuacha. Kukataza kitu kimoja si kuifuta kiu iliyomfanya mtu akitafute.

Turudi nyuma kidogo. Asiseme mtu kwamba pombe ililetwa na wageni. Kila nchi ilikuwa na yake: Wachaga mbege ya ndizi na ulezi, watu wa Bukoba rubisi, watu wa Iringa ulanzi wa mianzi, watu wa pwani tembo la mnazi, na kwetu pombe ya mtama, na wanzuki wa asali. Pombe hizi zilikuwa na ua uliozizunguka, wala ua huo haukujengwa na mtu. Kwanza, kuzipika ni kazi ya siku nyingi, na baada ya siku chache huchacha zisinyweke. Pili, nafaka ikikaribia kwisha, pombe nayo yaisha. Tatu, zilinywewa mahali pa wazi, mbele ya wazee, mara nyingi baada ya kazi ya pamoja, vijana wakiwa chini ya nsumba ntale wao, naye alijua kila mmoja ni mwana wa nani. Mtu alilewa mbele ya macho ya watu watakaomdai heshima yake kesho.

Lakini tusijidanganye na kuwapaka wazee wetu mafuta. Wake walipigwa hata zamani hizo. Nafaka ya watoto iliingia chunguni hata mwaka wa njaa, na kwa sababu hiyo wakubwa walilazimika kukataza kupika wakati wa upungufu. Ua ulikuwapo, matundu yalikuwapo pia.

Kisha ikaja pombe ya moto, yaani gongo, ipikwayo kwa pipa na bomba. Pombe ya mtama kwa kawaida haina kileo kizidicho sehemu 5 au 6 katika 100; gongo huweza kufika 40. Haichachi. Hukaa miezi. Hubebwa katika chupa ndogo, huuzwa gizani, na mnywaji hahitaji mwenzake wa kukaa naye. Yaani ua wote watatu umeanguka mara moja.

Watu wa mbali waliiona hatari hii mapema, lakini waliipima vibaya. Mataifa ya Ulaya yalipatana Brussels mwaka 1890, na tena Saint-Germain mwaka 1919, kwamba vinywaji vikali visiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Jambo jema. Lakini katika Tanganyika sheria ilimkataza Mwafrika ikamwachia Mzungu, kana kwamba ini la mmoja limeumbwa kwa udongo na la mwenziwe kwa chuma. Sheria ipimayo rangi ya mnywaji, isiyopima nguvu ya kinywaji, haifundishi kiasi; hufundisha wivu. Uhuru ulipokuja, wengi waliishika chupa kama mtu ashikaye hati ya uungwana wake. Mpaka leo kwetu, mwenye kunywa bia ya chupa ni bwana, na mwenye kunywa ya mtama ni mlevi. Na kanisani (tuseme tu) ndivyo tuhukumuvyo.

Sasa Geita. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966, mgodi ukafungwa. Ukafunguliwa mpya, mkubwa zaidi, mwaka 2000. Na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Kuuzunguka mgodi mkubwa, na mbali nao pia, wako wachimbaji wadogo kwa maelfu. Wengi wao ni watoto wetu, waliotoka Shinyanga na Kahama na Maswa mvua iliposhindwa.

Fikirini jinsi fedha ya mchimbaji ijavyo. Mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka, nayo imekwisha kuliwa na madeni kabla haijafika. Mfanyakazi hupata mwisho wa mwezi. Mchimbaji hupata siku asiyoijua. Aweza kuchimba miezi miwili akila kwa mkopo wa mwenye duara, kisha siku moja mawe yake yakasagwa, dhahabu ikaonekana, naye akawa na laki kadhaa mkononi saa mbili usiku, katika kambi isiyo na benki wala mke wala mjomba wala mchungaji. Kilicho wazi saa ile ni nini? Ni baa. Tena ameshuka chini ya ardhi mchana kutwa akiogopa kifusi, na kesho atashuka tena. Amwambie nani hofu yake? Gongo haimwulizi neno. Twamfahamu yule kijana aliyevunjika nyonga, nasi tulimwuliza kwa nini alianza. Alisema: “Mwalimu, kule asiyekunywa hulala peke yake na mawazo.”

Wala madhara hayaishi kwenye ini na mifupa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003, uliofanyika karibu na mgodi wa Geita, ulionyesha kwamba wanaume waliokuwa wakifanya kazi mgodini wenyewe walikuwa na virusi vya UKIMWI 6 katika kila 100. Wanaume wengine wa vijiji vya jirani 16. Na wanawake waliofanya kazi katika baa na mahali pa chakula 42 katika kila 100. Someni hesabu hiyo tena polepole. Walioajiriwa kwa mkataba walipata uchache wa hatari. Jirani zao walipata nyingi. Na binti aliyemimina bia, ambaye hakuchimba hata jiwe moja, alibeba mzigo kuliko wote. Miaka imepita tangu hapo, na dawa zimekuja, lakini twaambiwa na vijana warudio kwamba meza zile bado zapangwa vile vile na mabinti bado waja kutoka vijiji vyetu.

Basi sasa tuliulize lile tulilokusudia. Madhara haya ni ya nani? Sisi twaona kwamba mlevi anayo hatia yake. Lakini kila mtu aliyepata faida katika kulewa kwake anayo pia sehemu yake, kadiri ya faida aliyoipata na kadiri ya uwezo aliokuwa nao wa kuzuia. Mwenye duara alipaye usiku mlangoni pa baa, ambayo mara nyingine ni yake mwenyewe. Mwenye kiwanda aliyetia kinywaji kikali katika viroba vya plastiki vya bei ndogo, kitu ambacho mtoto wa shule aliweza kukitia mfukoni pamoja na kalamu. Mzazi ampokeaye kijana kwa shangwe akileta fedha ya machimboni, asiyemwuliza aliishije huko. Na mwalimu apokeaye mchango wa uji.

Mzee mmoja tuliyemsomea maneno haya alituonya, akasema, “Mwalimu, ukiwagawia watu wote hatia, mlevi atapata mahali pa kujificha.” Onyo hili si dogo. Tumemjibu kwamba hatia si nyama ya ng'ombe hata ikigawanywa vipande vipungue. Mlevi abaki na yake yote. Sisi twatafuta ile yetu, ambayo tulikuwa tumeiweka juu ya kichwa chake pamoja na yake. Mzee alitikisa kichwa. Hatujui kama alikubali au alichoka.

Na juu ya mama yule mjane? Hapa ndipo moyo wetu ugawanyikapo, wala hatutaki kuwaficha. Kwa upande mmoja, auza pombe hafifu, uani mwake, mchana, mbele ya macho yake. Hamwuzii kijana. Mtu akianza kuyumba humwambia aende nyumbani kwake, na jua likitua hufunika mtungi. Ua ule wa zamani, yeye ameujenga upya peke yake. Kwa upande wa pili, tunaye darasani mtoto mmoja wa darasa la tatu ambaye baba yake ni mnunuzi wa kila siku wa mama huyo. Mtoto huja hajala. Siku za Jumatatu hulala juu ya dawati. Hakuna haja ya uchunguzi wala hesabu kuliona jambo hili: viatu vya mtoto mmoja wa darasa letu vilitoka katika uji wa mtoto mwingine wa darasa lilo hilo, nasi twawafundisha wote wawili kujumlisha. Mwenye kusema kwamba mama yule hana neno, na aje amtazame mtoto huyu. Mwenye kusema kwamba mama yule ni mwovu, na aje aseme watoto wake wanne wangekula nini.

Tulipofika hapa tuliacha kutafuta nani wa kulaumiwa kwanza, tukatafuta ni nini kiwezekanacho. Tuliona kwamba mahali po pote madhara yalipopunguzwa, mtu fulani alijenga tena kipande cha ua. Serikali yetu ilipiga marufuku viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kutangaza. Uganda nayo ikafanya hivyo mwaka 2019. Kinywaji kilirudi katika chupa, nacho chapatikana, lakini hakiingii tena kwa urahisi mfukoni mwa mtoto. Hicho ni kipande cha ua. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliweka saa za kufungua na kufunga. Ni kipande kingine, ingawa katika vijiji vingi hukumbukwa tu siku afisa apitapo. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wauguzi wamefundishwa kuketi kama robo saa pamoja na mtu aliyeletwa ameumia naye ni mnywaji. Hawamkemei. Humwuliza, humsikiliza, humwacha aseme mwenyewe pombe imempa nini na imemgharimu nini, na kama angetaka kupunguza angeanzia wapi. Kazi hiyo wameiita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Tulipoisoma tulijionea haya kidogo, maana sisi katika baraza letu tulimaliza neno la mama yule kwa dakika tano, wala hatukumwuliza swali hata moja.

Kijijini kwetu tumejaribu mambo mawili. La kwanza lilitoka kwa wanawake. Waliuomba uongozi wa chama cha ushirika kwamba fedha ya pamba isilipwe siku ya mnada, siku ambayo nyama huchomwa na pombe humiminwa hatua ishirini kutoka meza ya mlipaji. Wanaume wengine walinung'unika, wakisema wanatendwa kama watoto. Mwaka uliopita ililipwa siku nyingine, asubuhi. Hatuwezi kusema walevi walikwisha. Twaweza kusema kwamba juma lile hatukumfukuza mtoto ye yote kwa kukosa daftari. La pili ni la kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Walimkopesha mjane yule fedha ya kununua choroko na kuuza mjini. Alipata faida, akalipa mkopo. Sasa apika mara moja kwa majuma mawili, badala ya kila juma. Tulimwuliza kwa nini hajaacha kabisa, akatuambia: “Choroko huja mara moja kwa mwaka, Mwalimu. Mtoto hula kila siku.”

Twajua makanisa hayakubaliani katika jambo hili. Ndugu zetu Wakatoliki hawamtengi mtu kwa kunywa kwa kiasi. Katika makanisa mengine, na ndiyo mengi huku kwetu, mwenye kunywa na mwenye kupika wote wako nje. Hatuandiki ili kuwabadili hawa wala wale. Kanisa lenye sheria na liishike sheria yake. Lakini liishike kwa wote. Barazani mwetu lilikuwapo jina la mwanamke apikaye ndoo mbili za mtama. Halikuwapo jina la bwana mwenye grosari mjini auzaye makreti ya bia na chupa za vinywaji vikali mpaka usiku wa manane, ambaye bati za paa la kanisa zilitoka mkononi mwake, na kila mtu alimshukuru kwa makofi. Hatumtaji ili aaibishwe. Alitoa bati kwa moyo mwema, nasi twakaa chini yake mvua inyeshapo. Twauliza tu kwa nini mtungi ulionekana na kreti halikuonekana.

Mwezi uliopita yule mzee ambaye kijana wake alivunjika nyonga aliomba neno la mjane lirudishwe barazani. Hatukutazamia kwamba yeye ndiye angeliomba. Alisema kwa ufupi kwamba mwanawe aliishi miaka ishirini na mitano jirani ya chungu kile akawa mzima, na kwamba siku alipomwaga kijana kwa baraka kwenda Geita hapakuwa na mtu barazani aliyeuliza aenda kukaa na nani. Mchungaji alikubali. Mama yule alipoambiwa, alisema atakuja, lakini hatakuja peke yake kama safari ile. Akiulizwa yeye, na waulizwe na wengine waliokula naye.

Baraza litakaa Jumamosi ya kwanza baada ya mtama kuingia ghalani. Katibu ameandika majina. La kwanza ni la mama yule. La pili ni la mwenye grosari, naye ameahidi kuja. La tatu tuliomba wenyewe liandikwe, nalo ni letu.